Mbegu Juu ya Moshi

Kuna asubuhi moja ya Januari ambayo hunirudia, mwanangu, kama ndoto inavyomrudia mtu aliyeamka kabla haijaisha. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, mlima Kwaraa umejifunika wingu hadi mabegani, na ndani ya maktaba ya shule yetu msichana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa ameegemea kitabu kilichofunguliwa, macho wazi, hasomi.

Nakuita mwanangu kwa sababu ya chaki, si kwa sababu ya mvi. Sina mvi hata moja; nimetazama. Nilikuja Babati kutoka Singida nikiwa nimetoka chuo, mwalimu wa kujitolea wa jiografia, na umri niliokuzidi ni mdogo kuliko unavyodhani. Lakini hapa kwetu mwalimu ni mzazi, na neno ninalotaka kukupa sikulitunga mwenyewe. Nililipokea kwa mtu mzima, nami nimelibeba muda wa kutosha kujua kwamba halifai kubaki kwangu.

Mtu huyo ni Mama Anjela, mkutubi wetu. Kama umewahi kuingia maktaba na tope kwenye viatu, mmekwisha fahamiana. Amesomea kazi yake na ameifanya tangu mimi sijazaliwa. Hupenda kukaa karibu na dirisha la nyuma, mahali ambapo vivuli vya mikaratusi hupita juu ya meza polepole, vikipanda kwenye kitabu na kushuka, hata unasahau kama ni saa tatu au saa nane.

Wiki yangu ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu Neema, kesho unafundisha nini?"

Nikadhani ni maongezi tu. Nikamwambia, "Hali ya hewa."

"Utawafundishaje?"

"Nitaandika notisi ubaoni, watanakili."

"Na kwangu watakuja kufanya nini? Kulala?" Akatazama rafu zake kama mtu anayewahurumia wageni wasiokaribishwa chai. "Ni kweli humu kuna ubaridi mzuri."

Nilicheka, kisha usiku nikalitafakari neno lile hadi likanichosha. Notisi zangu zilikuwa safi. Kila jibu lilikuwa ndani yake. Lakini hakukuwa na kitu ambacho mtoto angehitaji kukitafuta. Asubuhi nilirudi kwake nikamwambia, "Mama, nikusaidieje?" Akasema, "Nipe kipindi chako cha Alhamisi, mimi nikupe chumba. Tukifundishe wote wawili."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila Jumatano jioni tulikaa pale dirishani tukapanga: mimi nikileta mada, yeye akileta vitabu, magazeti na ramani, na kubwa kuliko vyote, tukipanga mahali ambapo sisi wenyewe tungenyamaza. Kwangu hilo la kunyamaza lilikuwa gumu kuliko yote. Mimi ni mtu ambaye akiona swali limekaa peke yake hewani, hulihurumia akaenda kulikumbatia.

Sasa sikiliza desturi ya chumba kile, maana ndiyo iliyobeba mambo yote yaliyofuata. Kipindi cha Alhamisi hakuna aliyesoma peke yake. Walikaa wawili wawili. Mmoja alikuwa msomaji: anasoma au anasimulia habari. Wa pili alikuwa mbishi: kazi yake kuuliza. Nani kasema? Alisema lini? Anazungumzia wapi? Alijuaje? Kisha wanabadilishana. Mama Anjela ndiye aliyeuleta ule utaratibu. Alisema mtoto wa huku kwetu amelelewa vizuri mno kuweza kubisha. Ukimwambia "uliza" atatazama chini kwa adabu. Lakini ukimpa kubisha kama zamu, kama vile zamu ya kufagia, ataifanya kwa sababu amepangiwa.

Siku ya kwanza tuliigiza mbele yao. Nilisimama nikasema kwa sauti ya darasani, "Kwaraa ukivaa wingu asubuhi, jioni mvua inanyesha."

Mama Anjela akavua miwani. "Nani kasema?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako anaishi wapi?"

"Singida."

"Ahaa. Na Kwaraa anauonea wapi? Juu ya paa?"

Darasa likaanguka kicheko. Walikuwa hawajawahi kuona watu wazima wawili wanabishana bila mmoja kununa. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Madam kabanwa leo!" Nami nikakubali kwamba nimebanwa, na ajabu, paa halikuanguka.

Turudi basi kwenye ile asubuhi ya ukungu. Msichana aliyekuwa hasomi aliitwa Yasinta, mzaliwa wa kwanza wa nyumba moja ya wakulima kule Sigino. Mwenzake alimaliza kusoma ukurasa akasubiri abishiwe. Yasinta kimya.

Mama Anjela akamsogelea. "Binti, kitabu ndicho kinakusoma wewe?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

Yasinta akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza usingizini, "Jumamosi tunasaga mbegu."

Mwanangu, kama wewe ni wa mjini, labda hilo halikukushtua. Kwao Yasinta, kila msimu wa mavuno, mama yake huchagua mahindi yaliyo bora, huyafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza jikoni juu ya mafiga. Moshi wa kila chakula cha mwaka mzima huyapitia, wadudu hawayasogelei. Yanakuwa meusi nje kama masizi na ndani yana uhai. Ndiyo mbegu. Mbegu ile ilitoka kwa bibi yake, na bibi aliipata kwa mama yake. Ukishaipeleka mashineni inakuwa unga, na unga hauoti.

"Kwa nini mnasaga?" nikauliza.

"Baba ametumiwa ujumbe. Mwaka huu mvua zitakatika mapema, mahindi yote yatakaukia njiani. Tunapanda dengu tupu. Amesema sasa mbegu ya nini, bora tuile."

"Ujumbe unasemaje?"

Simu haziruhusiwi shuleni, lakini Yasinta hakuhitaji simu. Baba yake alikuwa akiusikiliza ule ujumbe kila jioni. Akafumba macho, na kinywani mwa yule msichana ikatoka sauti ya mwanamume, tulivu, kama ya redioni: "Wapendwa wakulima, wataalamu wametueleza kwamba msimu huu mvua zitakuwa chini ya wastani na zitaisha mapema. Mkulima mwenye busara ataacha mahindi..." Vivuli vya mikaratusi vilipita juu ya uso wake. Kwa kitambo kidogo hata mimi nikaiamini ile sauti. Ilikuwa nzuri mno kuwa na kosa.

Kipindi kilipokwisha Mama Anjela akasema, "Uongo mtupu huo."

Mimi nilikuwa na hofu ya upande mwingine: je, ukiwa kweli? Na ukiwa uongo, Jumamosi ni keshokutwa. Nikafunga begi langu. "Naenda Sigino leo hii nikamwambie baba yake asisage."

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

"Wewe unajua mvua ya mwaka huu?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Nimesema uongo kwa hasira tu, sina ushahidi. Sasa unakwenda kumpelekea nini yule baba?"

Nikaliweka begi chini.

"Ukienda, atakusikiliza," akaendelea, "kwa sababu wewe ni mwalimu na unaongea vizuri. Mbegu itapona. Mwakani mwingine anayeongea vizuri atamtumia neno lingine, naye atamsikiliza vilevile. Utakuwa umemwokolea mahindi, yeye umemwacha palepale. Na Yasinta umemwonyesha kwamba kazi ya kuuliza ni ya madam."

Maneno yale hayakuwa makali. Aliyasema huku akifuta vumbi kwenye jalada la atlasi. Lakini yaliniingia kama baridi ya alfajiri inavyoingia kwenye sweta jepesi.

"Yasinta hawezi kumbishia baba yake," nikasema.

"Hawezi. Hata angeweza nisingependa. Lakini kazi ya nyumbani anaweza kufanya."

Ndipo tukatoa kazi ile mchana uleule, kwa darasa zima: kila mwanafunzi amwombe mtu mzima mmoja wa nyumbani kwao habari aliyoipokea hivi karibuni, kisha amhoji kama mbishi anavyohoji. Na kabla ya kuanza aseme wazi: nimetumwa na shule, naomba msaada wako. Hatukumtaja Yasinta. Alituelewa, alitutazama, akarudisha macho chini.

Ijumaa alikuja maktaba akasimama mlangoni. "Sijathubutu," akasema. Nikaona ndani ya kichwa changu mashine ya kusaga ikizunguka, unga mweupe ukimwagika, na sauti ya redioni ikicheka. Mama Anjela akamwambia tu, "Kesho nayo ni siku."

Alipoondoka, mkutubi akanigeukia. "Najua huwezi kukaa nyumbani kesho. Nenda, nunua maharage. Lakini kinywa chako kiache hapa Babati."

"Nakiacha mezani kwako," nikamjibu, naye akasogeza vitabu kama anayekitengea nafasi.

Jumamosi asubuhi nilipanda bodaboda hadi Sigino. Nikakuta kiti kimeshatolewa nje, maana huku mgeni huonekana kabla hajafika. Nikawasalimu wazazi, nikapewa chai. Pembeni, Mama Yasinta alikuwa na ungo mapajani. Mahindi ya mbegu yalikuwa yameteremshwa, rundo jeusi chini ya ukuta, na yeye alikuwa ameanza kuyapukuchua. Punje zililia kwenye ungo, moja moja, kama mvua inayofikiria. Baba Yasinta alikuwa akifunga kiroba kwenye baiskeli.

"Mwalimu, umekuja siku ya unga," akaniambia kwa uchangamfu. "Leo hii tunakula mbegu."

Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto sana, nikainywa hivyohivyo ili nisiongee.

Yasinta akatoka ndani. Alikuwa amevaa sare, Jumamosi ile. Nadhani aliivaa ili ajikumbushe ametumwa na nani. Akasimama mbele ya baba yake, mikono nyuma.

"Baba, nina kazi ya shule. Natakiwa nimhoji mtu mzima kuhusu habari aliyoipata. Naomba unisaidie."

Baba yake akanitazama, akanyoosha shati. "Mimi? Haya. Habari gani?"

"Ile ya mvua."

Ungo ukanyamaza.

"Ile unaijua mpaka unaiota," akasema. "Uliza basi."

"Nani kasema?"

"Wataalamu."

"Ni nani anayeongea, Baba? Jina lake?"

Akaitoa simu, akausikiliza ujumbe hadi mwisho, akarudia mwanzo. Uso wake ulibadilika taratibu. "Hajajitaja," akasema. "Ameleta mjomba wako Paulo."

"Mjomba Paulo ndiye mtaalamu?"

"Paulo!" Mama Yasinta akacheka. "Paulo hajui hata kufunga mbuzi akafungika."

"Mama Yasinta, mwache mtoto afanye kazi ya shule."

"Na mimi nifanye yangu. Mbishi wa nyumba hii ni mimi tangu uliponioa, ila hamjawahi kunipa cheti."

Baba Yasinta akacheka bila kutaka, akapiga simu, akaiweka sauti ya juu. Paulo, aliyekuwa kule Magugu kwenye kelele za gulio, akasema alitumiwa na mwenyekiti wa kwaya. Akampigia mwenyekiti wa kwaya. Salamu zikawa ndefu: watoto, ng'ombe, mguu wa mama mkwe. Kisha Yasinta akapewa simu, akauliza kwa heshima, "Mzee, ule ujumbe wa mvua uliupata lini?"

"Upi? Aah, huo!" ile sauti ikasema. "Huo ni wa zamani, mjukuu. Nilitumiwa na kaka yangu wa Shinyanga, mwaka ule tulioezeka kanisa. Kwao kulikuwa na ukame kweli, wakaambiwa waache mahindi. Sasa juzi nilikuwa nafuta vitu kwenye simu, imejaa, nikagusa pasipotakiwa, ukaenda kwenye grupu. Nilishangaa watu wanaandika amina, amina."

Kuku alipita katikati yetu, akadonoa punje moja, Mama Yasinta akamfukuza haraka kuliko nilivyowahi kuona mtu akifukuza kuku.

Nilitaka kuruka, mwanangu. Nilitaka kusema nilijua. Lakini sikujua. Mimi niliogopa ni kweli, Mama Anjela alisema ni uongo, na wote tulikosea. Ulikuwa ujumbe wa kweli. Ulikuwa kweli ya watu wengine, ya mwaka mwingine, iliyosafiri mpaka ikapotelea kwetu, kama barua iliyoingizwa mlango wa jirani.

Baba Yasinta akakivuta kile kiroba kitupu kutoka kwenye baiskeli, akakikalia. "Kwa hiyo mwaka huu mvua itakuwaje?"

Wote wakanigeukia. Kikombe changu kilikuwa kitupu, nikakinywa tena.

Yasinta akasema, "Hatujui, Baba. Lakini afisa ugani wa kata ana taarifa ya msimu huu na ya huku kwetu. Jumatatu ofisi iko wazi."

Yule baba akaitazama baiskeli, akalitazama lile rundo. Kisha akasema polepole, "Mama Yasinta, yaliyobaki rudisha juu mpaka Jumatatu." Zile punje zilizokwisha pukuchuliwa mama akazichanganya na majivu akazifungia. Yale mahindi mengine yakarudi juu ya moshi, moja baada ya jingine, na nikaona Yasinta ndiye aliyekuwa akiyapokeza.

Jumatatu baba na binti walikwenda pamoja kwa afisa ugani. Aliwaambia mvua za huku zingechelewa, ila zingekaribia kawaida. Akawaambia pia kwamba hayo ni makadirio, si ahadi. Baba Yasinta alimuuliza, "Na wewe ulijuaje?" Yasinta alituhadithia hilo maktaba huku akijificha uso kwa aibu na furaha. Afisa, anasema, hakukasirika. Alivuta kiti karibu akaanza kueleza.

Baba Yasinta akapanda mahindi na mbaazi kama walivyozoea, na kipande cha juu akaweka dengu, kwa tahadhari. Kisha tukangoja. Mvua zilichelewa kweli, kupita hata tulivyotegemea. Kila asubuhi Kwaraa ulivaa wingu, kila jioni ukalivua. Mimi nililala vibaya. Nilijiuliza kama hatukumponza yule baba kwa mbegu yake ya mwisho. Nilipomwambia Mama Anjela, akasema, "Inaweza kuwa. Lakini safari hii ameamua akiwa macho."

Ikaja Alhamisi moja, mchana. Wanafunzi walikuwa wawili wawili, minong'ono ya msomaji na mbishi ikivuma kama nyuki walio mbali. Kwanza ilikuja harufu ya vumbi lililolowa. Kisha mwanga ukageuka rangi, mikaratusi ikainama, na bati likaanza kuimba. Hakuna tena aliyesikia anachoulizwa. Yasinta aliinuka bila ruhusa, akaenda dirishani, akaweka kiganja nje. Mama Anjela hakumkemea. Alivua miwani, naye akasogea, na wale wawili wakasimama wakiitazama mvua ikifuta ziwa, kana kwamba wanasoma ukurasa mmoja.

Mavuno hayakuwa makubwa. Kile kipande cha dengu kilifanya vizuri kuliko tulivyodhani, na mahindi ya bondeni yalidumaa. Nakwambia hili ili usiende na hadithi tamu kuliko ilivyokuwa. Lakini jikoni kwa Mama Yasinta mbegu ilirudi juu ya mafiga, mpya, nyeupe, ikaanza kuwa nyeusi.

Basi, mwanangu, neno nililopewa ni hili. Neno likikujia, hata likija na sauti nzuri, hata likija kwa mtu unayempenda, lipe kiti kabla ya kulikabidhi moyo wako. Liulize limetoka kwa nani, limezaliwa lini, lilikuwa likienda kwa nani, na aliyelisema alijuaje. Usitosheke kuuliza kama ni kweli. Uliza pia kama ni lako. Ukimhoji mkubwa wako, mhoji kama mtu anayeomba kuonyeshwa njia, maana mara nyingi naye anaitafuta. Na ukikosa jibu, sema hujui, kisha uende mahali jibu linapokaa. Hilo nalo ni jibu la mtu mzima. Nami nalijifunza bado, kila Alhamisi.

Nawe ukija kufundisha baadaye, usifundishe peke yako. Tafuta mtu wa kukubishia mbele ya watoto, ili waone kwamba kubishiwa hakuui.

Mungu akutangulie katika maneno yote yatakayokufikia. Akupe sikio pana na mkono usio na haraka. Akuwekee karibu mtu mmoja wa kukuuliza, umpende hata anapokuchosha. Na mvua yako, siku yoyote itakayokuja, ikukute mbegu bado unayo.